Mgeni wa Mguu Wangu

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani na upepo wa Dodoma ukianza kubeba vumbi, mama mmoja alikuwa akitoka Kolo, kule Kondoa, kuja kuutazama mguu wangu. Hakuwa ndugu yangu wala mganga. Alikuwa mama wa mwanamke aliyelazwa kitanda jirani na changu hospitalini, mwanamke aliyekuwa na ugonjwa kama wangu, katika mguu wa kushoto kama wangu, akafariki mchana mmoja huku nikimtazama.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali. Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, miaka ile ya mwanzo ya ruksa ya biashara, maduka yalipoanza kujaa sabuni na vitenge baada ya miaka mingi ya foleni. Arobaini yangu niliilalia Chang'ombe ya hapa Dodoma, nyumbani kwa mama, kama desturi yetu ilivyo. Siku moja nikahisi misuli ya nyuma ya mguu imekaza, kama mtu aliyelala vibaya. Mama akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa cha moto, akausugua mguu kutoka kwenye kifundo kwenda juu kama alivyosuguliwa yeye na mama yake. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, unang'aa, una joto, na siwezi kuukanyagia. Shangazi yangu, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, alisema nimekanyaga mtego wa kichawi, na kwamba haukutegewa mimi, ulitegewa mume wangu. Mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa mtunza ghala katika shirika moja la umma, hakubishana naye. Aliomba gari la kazini, akanipakia kiti cha nyuma, mguu ukiwa juu ya mapaja ya mama.

Daktari alikuwa kijana, anaongea polepole. Alitueleza kwamba damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, mshipa wa ndani usioonekana, na kwamba jambo hili huwapata wazazi wengine baada ya kujifungua. Akasema mtu yeyote asiusugue tena mguu ule, kwa sababu donge likichomoka linaweza kupanda hadi mapafuni. Nilimwona mama akiitazama mikono yake, kisha akaificha ndani ya kanga.

Niliwekwa kitanda ambacho upande wake wa miguu uliinuliwa kwa matofali, kichwa kikawa chini kuliko nyayo. Kitanda kilichofuata nacho kilikuwa juu ya matofali. Aliyelala hapo ndiye jirani yangu. Alikuwa ameletwa kutoka hospitali ya Kondoa, naye ni mzazi, ana binti mchanga kama mwanangu. Alinizidi miaka michache, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo iliyokwaruza mwishoni mwa maneno, kama mtu aliyetoka kucheka muda mfupi uliopita. Hatukuruhusiwa kushuka. Tulichomwa sindano za tumboni, tukaoshwa tukiwa tumelala, tukazungumza tukiangalia dari. Mpaka leo nikimkumbuka namkumbuka kwa sauti. Uso wake nilikuwa nauona kwa upande tu.

Mama yake alikuwa amefikia kwa jamaa zake, mtaa wa nyuma ya kwetu, na alikuwa akimleta mtoto anyonye. Mama yangu naye alimleta wangu. Bibi hao wawili walizoeana njiani, wakawa wanapokezana kubeba, na mara nyingine walifika kila mmoja akiwa na mjukuu wa mwenzake mgongoni.

Siku ile ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Wodi imetulia, upepo unatikisa vioo vya madirisha. Jirani yangu akaniita.

"Jirani, leo mguu umekuwa mwepesi. Utafikiri si wangu."

Akauinua kidogo juu ya godoro ili nione. Kwa kweli nilimwonea wivu, maana wangu ulikuwa mzito kama gogo. Kanga yake ilikuwa imeteleza ikaanguka sakafuni, akainuka kuketi ili aiokote. Akakohoa. Akaweka mkono kifuani, akageuka, akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma yake na hajui ni nani aliyemwita. Niliwaita wauguzi kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Walikuja mbio, wakavuta pazia. Mimi nilibaki pale, kichwa chini miguu juu, nikisikiliza viatu vyao, na baadaye nikisikiliza viatu hivyo vikipunguza haraka.

Ilipofika saa kumi mlango ulifunguliwa kwa wageni. Mama yake aliingia wa kwanza, mtoto mgongoni, bakuli la uji limefungwa kwa kitambaa mkononi. Aliliona pazia. Akanitazama mimi, maana nilikuwa uso wa karibu aliouzoea.

"Amelala?" akaniuliza.

 Muuguzi alikuja akamshika mkono, akamwingiza nyuma ya pazia. Nilisubiri kilio na kilio hakikuja. Kilichokuja ni sauti ya mtoto, kwanza ya kunung'unika, halafu ya njaa. Alilia muda mrefu. Mama yangu alipofika na mwanangu, alielewa kwa kutazama tu. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na yule mtoto wa kike, akaniwekea kifuani bila kumwomba mtu ruhusa. Nikamnyonyesha. Mwanangu alikuwa ananyonya kwa uvivu, akisinzia; huyu alinyonya haraka haraka, macho wazi, kama anayeogopa kunyang'anywa.

Marehemu alizikwa Kolo. Mtoto hakuweza kwenda safari ile bila maziwa, kwa hiyo alibaki kwa mama yangu, nami nikawanyonyesha wote wawili, kwanza wodini, halafu nyumbani niliporuhusiwa. Mama alisema mbele ya majirani, ili ushahidi uwepo, kwamba watoto hawa wamenyonya ziwa moja na sasa ni ndugu, hawawezi kuoana. Watu wakacheka kusikia habari za ndoa kwa watoto wasioweza hata kukaa. Mama hakucheka.

Matanga yalipokwisha, mama wa Kolo alirudi kumchukua mjukuu wake. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ambayo siku hizo yalikuwa yameanza kuonekana madukani, na alikuwa amepata mbuzi wa kukamua. Kabla ya kuondoka aliomba tubaki wawili chumbani. Akaniuliza binti yake alisema nini mwisho. Nilifikiri kumtungia neno la kumfariji, kwamba alimtaja Mungu, au alimtaja yeye. Lakini alikuwa akinitazama kwa namna ambayo ningejikwaa tu. Nikamwambia yale yale aliyosema.

"Mwepesi," akarudia.

Kisha akaomba auone mguu wangu. Nilipandisha gauni. Akaubonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi, akakiondoa, akaangalia shimo lililobaki likijaa taratibu.

"Bado mzito?"

"Mzito, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Akambeba mtoto akaenda zake.

Niliambiwa mguu utapona. Uvimbe wa pajani ulikwisha, nikarudi kazini, nikaanza kuvaa viatu vyangu, ingawa cha kushoto kilibana. Lakini maumivu hayakwenda popote, yalibadilisha tu tabia. Asubuhi yalikuwa mbali. Kadiri siku ilivyosonga, kila nilipokaa kwenye mashine au kusimama kusubiri maji, nilihisi mguu unajaa kutoka chini, kama gunia linalotiwa mchanga. Jioni ngozi ilikaza hadi nikaogopa itapasuka. Rangi yake juu ya kifundo iligeuka, ikawa kahawia ya kutu, kisha nyeusi, na ikawa inawasha. Mwaka mmoja nilijigonga kidogo tu kwenye mguu wa meza, pakatoka kidonda ambacho kilikaa tangu kiangazi hadi mvua zikaanza na kwisha. Wenzangu ofisini walizoea kuniona nimeweka mguu juu ya boksi la karatasi. Mkuu wetu mmoja aliyehamia kutoka Dar es Salaam aliona ni dharau, hadi alipouona mguu wenyewe, akaangalia pembeni.

Lakini jambo ambalo sikumwambia mtu, hata mume wangu, ni kwamba maumivu yale nilikuwa nayahitaji. Kila nilipoamka, kabla sijafungua macho vizuri, nilipeleka mkono chini nikaubonyeza mguu kuona kama unauma. Ukiuma, nilishukuru. Asubuhi ambazo haukuuma upesi nililala kimya, sijigeuzi, nikisubiri, na katika kusubiri huko niliisikia ile sauti ya kukwaruza upande wangu wa kulia ikiniita jirani. Niliisikia pia kazini, mchana kweupe, mashine zote zikigonga. Mara mbili tatu niligeuka na kuitika. Msichana wa meza ya nyuma akaniuliza nani ameniita, nikasema nilidhani ni yeye.

Na kila mwaka yule mama alikuja. Alishuka basi la Kondoa na kapu lake: chupa ya mafuta ya alizeti, mlenda uliokaushwa, wakati mwingine kuku aliyefungwa miguu. Tulimwandalia. Alikula kidogo, akauliza habari za kila mtu kwa zamu, mume, mama, mtoto, kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, cha kupita kwenye Kirangi cha kwao kwanza, na alikisema polepole ili kila neno lifike zima. Mwishoni kabisa, watu wakishatawanyika, alikuwa akisema, "Haya, mwanangu, nipe mguu." Akaubonyeza, akauangalia, akauliza swali lake lile moja. Nami nikamjibu kwamba bado mzito, na haukuwa uongo. Akashukuru Mungu, akalala, asubuhi akaondoka.

Nikimuuliza habari za mtoto alisema, "Hajambo, anakua," na hakuongeza. Nilimwomba amlete. Mwaka mmoja alisema barabara imekatika, mwaka mwingine mtoto ana homa, mwaka mwingine alifunga tu kapu lake. Nikaanza kuamini kwamba ananichukia. Nilijiambia kwamba anakuja kutazama kwa nini mimi na si binti yake, kwamba anapoushika mguu wangu anatafuta kosa lililofanyika katika kuchagua. Shangazi yangu alikuwa na maelezo yake. Alisema mguu hauponi kwa sababu ya mkono wa yule mama, na kwamba nikimkataza mwaka mmoja tu nitaona tofauti. Nilimsikia. Siwezi kusema sikufikiri hivyo hata siku moja. Lakini yule mama akifika na vumbi lake la safari, na kandambili zake mkononi ili asichafue mkeka, neno la kumkataza halikupata pa kutokea.

Shirika la mume wangu liliuzwa. Kwanza walisema linapangwa upya, kisha wakapunguza watu, kisha siku moja ghala likafungwa kwa kufuli jipya na mume wangu akarudi nyumbani saa nne asubuhi. Akaingia katika mitumba kama wengi wa rika lake. Tukahamia Mkonze, pembezoni mwa mji, ambako tulikuwa na kiwanja na vyumba viwili visivyopigwa lipu, na ambako kila kitu kilikuwa mbali kwa miguu, na mguu wangu ukaujua umbali huo vizuri.

Yule daktari kijana aliniambia, siku ile naruhusiwa, kwamba ningepata soksi ndefu za kubana zingenisaidia, kisha akasema hazipo. Miaka yote hiyo hazikuwepo. Mume wangu ndiye aliyekutana nayo, moja peke yake, ndani ya robota la nguo za watoto. Rangi yake ilikuwa kama ya ngozi ya Mzungu, nene, imebana hata kuivuta ni kazi. Aliileta nyumbani ameikunja mfukoni, akaniwekea mapajani, akatoka nje. Watu wetu walikuwa wakiziita nguo zile kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba wenyewe walishazikwa. Nilikaa na ile soksi mkononi nikimfikiria mwanamke fulani, mzee, katika nyumba yenye baridi, ambaye mguu wake ulijaa jioni kama wangu. Nilijiuliza kama naye alikuwa na jirani. Niliifua, nikaivaa, na jioni ile kwa mara ya kwanza kifundo changu kilionekana.

Mama wa Kolo alipokuja mwaka ule akaikuta. Alinivua mwenyewe, akaigeuza ndani nje, akaivuta kuona inavyorudi. Aliuliza ilitoka kwa nani. Nikamwambia ni ya Mzungu, na kwamba labda amekufa.

"Kumbe nao wana mguu huu," akasema. Akanivisha tena, taratibu, akinyoosha kila mkunjo kwa vidole, kama anayemvisha mtoto.

Halafu ikaja siku ambayo niliamka na mguu mwepesi.

Ilikuwa asubuhi ya mvua za kwanza. Nilikuwa nimekaa nyumbani siku kadhaa kwa malaria, nimelala sana, miguu juu ya mito, soksi nimevaa. Nilipeleka mkono kama kawaida nikabonyeza. Hapakuuma. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Nikauinua mguu, ukainuka kama mguu wa mtu mwingine, na hapo hapo nikajua kwamba ndiyo siku yenyewe. Sikupiga kelele. Nilimwita mume wangu kwa sauti ndogo, nikamwambia asinisogeze, kisha nikamwambia anipeleke hospitali, na hakuelewa atanipelekaje bila kunisogeza. Nilimwambia mtoto avae nguo zake za shule vizuri. Nilimwambia mume wangu mahali ilipo sanda ambayo mama alijiwekea akiba. Njiani, ndani ya pikapu ya rafiki yake mfanyabiashara, nilikuwa nimeshika kifua changu kwa mikono miwili ili kisinisaliti ghafla.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, mvi zimetokea pembeni mwa kilemba. Alinipima kwa utulivu, mguu wote, kifua, mapigo. Akaniuliza tangu lini. Nikamweleza yote, na kwa mara ya kwanza nikamtaja jirani yangu na maneno yake. Hakunicheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda akanifafanulia kwamba donge la miaka ile lilishageuka kovu zamani, limeshikamana na mshipa, haliendi popote. Kilichoharibika ni milango midogo ndani ya mshipa, ile inayozuia damu isirudi chini. Ndiyo maana mguu unajaa, ndiyo maana unauma, na utaendelea kuuma. Umekuwa mwepesi kwa sababu nimelala nikiwa nimeuinua, na soksi imefanya kazi yake. Aliniambia dalili za kuogopa: kuvimba kwa ghafla, kifua kubana, kukosa pumzi. Nikamuuliza, na maumivu je, yakikoma? Nadhani alielewa nilichokuwa nauliza.

"Maumivu haya hayakulindi, mama," akasema. "Hayana kazi yoyote."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia. Mume wangu alidhani nimepewa habari mbaya. Sikuweza kumweleza kwamba nalia kwa ajili ya asubuhi zote zile, nilizokuwa nikishukuru kitu ambacho hakikujua hata kama nipo.

Mguu ulirudi kuuma jioni ile ile, bila shaka, na unauma hadi leo ninapoandika, upande huu wa ndani. Sauti nayo haikuondoka. Nilitegemea maneno ya daktari yataifukuza, lakini ilikuja kama kawaida, ila sasa haikuwa na la kunionya. Ilikuwa inaita tu.

Mavuno yalipokuja, mgeni wangu akaja. Alipoomba mguu nilimpa, na aliponiuliza swali lake nikamwambia, "Mama, kuna jambo daktari amenieleza." Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza mkono wake ukiwa juu ya muundi wangu.

"Amesema kwa kinywa chake? Hutakufa kwa mguu huu?"

Nikamwambia kwamba hakuna anayejua atakufa kwa nini, lakini donge lile la zamani halitaniua.  Kisha akanivisha soksi, akajifunga kanga yake vizuri, akasema atalala mapema. Asubuhi aliondoka kabla chai haijaiva. Mume wangu aliniuliza nimemkosea nini. Sikujua. Nilifikiri kwamba nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa anakifuata kwangu, na kwamba hatarudi.

Alirudi. Mwaka uliofuata, nikiwa uani napepeta mchele, nilisikia hodi ya sauti yake, na baada yake sauti nyingine ikasema, "Shikamoo, Mama."

Ungo uliniponyoka. Ilikuwa sauti nzito kidogo kuliko umri, inayokwaruza mwishoni. Msichana aliyesimama mlangoni alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa gauni lililoongezwa pindo kwa kitambaa cha rangi nyingine. Niliitikia marahaba, na nadhani niliitikia zaidi ya mara moja. Halafu nikasema naenda kuangalia sufuria, nikaingia jikoni, ambako hapakuwa na sufuria yoyote motoni, nikasimama pale nimeshika ukuta.

Mama wa Kolo alinifuata. Hakunishika. Alisimama karibu, akaongea kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. Alisema mtoto yule alinyonya kwa wawili, mmoja akazikwa, akabaki mmoja, naye huyo mmoja ana mguu uleule. Akasema kila mwaka alikuja kuona kama nitabaki.

"Sikutaka amjue mama, kisha amzike," akasema. "Mwaka jana umeniambia utaishi. Nimemleta."

 Miaka yote ile niliyodhani ananipima kosa, alikuwa ananihesabia uhai. Nilitoka uani. Mwanangu alikuwa amesharudi kutoka kuchota maji, na yule msichana alikuwa amemsogelea anamwambia, bila aibu, kwamba bibi amesema ana kaka hapa, je, ni yeye? Mwanangu alinitazama mimi. Nikamjibu msichana kwamba ndiye.

Msichana alipomaliza darasa la saba alifaulu, akapangiwa sekondari ya mjini, na tukakubaliana akae kwetu Mkonze. Nilikwenda Kolo mwenyewe kumchukua. Safari ile ilinitesa. Nilishuka mguu umejaa hadi soksi imechora pete chini ya goti. Sikuwahi kufika kule. Nilikuta vilima, makorongo mekundu yaliyokula mashamba, na nyumba ya bibi upande wa juu wa barabara. Alinipeleka kaburini. Lilikuwa limezungushiwa mawe, majani yameng'olewa. Sikuweza kuchutama, nikasoma dua nimesimama, nimeegemea bega la msichana.

Tuliporudi bibi alinipa kigoda, akageuza kinu akakiweka mbele yangu nipumzishe mguu juu yake. Akazungumza habari za ndege walioharibu uwele, na mvua iliyochelewa. Hakuniomba mguu. Nilikaa nikisubiri aombe, hata nikapandisha gauni kidogo, lakini akaendelea na ndege wake.

Mwishowe aliziacha habari za ndege. Akaniuliza kama bado namkumbuka binti yake anavyoongea. Nikamwambia ndiyo, kila siku.

"Mimi sauti yake imenitoka," akasema. "Sura ninayo. Sauti nimeitafuta, sijaiona tena."

Nilimtazama mjukuu wake aliyekuwa akifunga vitu vyake mlangoni huku akijisemea, sauti ileile, na nikaelewa kwamba kwa kuisikia kila siku tangu utoto wa mjukuu, bibi hakuweza kuisikia. Sikumwambia. Nilianza kumsimulia. Nilimwambia kuhusu muuguzi mkuu wa wodi ambaye viatu vyake vililia kama panya, na jinsi binti yake alivyokuwa akikoroma kwa makusudi kila akivisikia, kisha akinong'ona kwamba akipona atamnunulia yule muuguzi mafuta ya kupaka soli. Nilimwambia alivyojisifu kwamba Kolo nzima hakuna anayemshinda kutwanga.

"Nani, yule?" bibi akasema, na akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Alikuwa mvivu wa kutwanga, kila mtu anajua. Alikuwa anajificha korongoni."

Msichana aliacha kufunga, akaja kukaa chini karibu na kinu. Akaniuliza mama yake alisema nini kingine. Nikaendelea. Nilieleza alivyoimba, alichokisema juu ya chakula cha hospitali, jina alilompa nzi mmoja aliyekuwa hatoki dirishani. Mguu ulikuwa unagonga kwa maumivu na sikuujali. Tulikuwa tumelala vitanda jirani kwa majuma machache tu, na kumbukumbu za majuma machache si nyingi. Nilipofika mwisho wa yale ninayoyajua kwa hakika, niliwatazama, nikaona wote wawili bado wananitazama, na nikaendelea.